Risasi Haina Uhai

Jumanne, saa moja jioni, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nafunga mlango wa maabara ya maji ya mji wetu,
kaskazini mwa Minnesota, theluji imefika madirishani,
nawasha kompyuta jikoni kwa mama
na darasa linajitokeza: nyuso saba, visanduku saba.

Delphine yuko Louisiana, anaandika habari za mbu,
na mbwa wake hubweka kila alitamkapo jina lao la Kilatini.
Wendell ni muuguzi Alaska. Mtandao wake hukatika
katikati ya neno, kisha hurudi na nusu ya pili
kana kwamba alikwenda kuichota.
Profesa Haverkamp hana salamu ndefu:
"Sentensi yako ya kwanza, Kirsti, imevaa koti la maabara.
Livue. Nani anakunywa maji haya?"

Miaka kumi na minne nimepima maji.
Najua kuandika sampuli, kipimo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa,
najua yalichotwa, yakapimwa, ikabainika.
Yalichotwa na nani?
Na mkono huu hapa, uliokufa ganzi penye bomba la Mtaa wa Tano.
Lugha ile haina mikono.

Basi nikaandika juu ya mabomba ya kale chini ya nyumba zetu,
juu ya risasi isiyohitaji bunduki,
ipitayo polepole, glasi baada ya glasi,
hadi mfupani, ikajifanya kalsiamu, ikakaribishwa.
Maneno elfu moja na mia mbili.
Haverkamp akayarudisha yamejaa wino mwekundu.

Mama alikuwa akisikiliza, ameipa kompyuta mgongo.
Aune Lahtinen, miaka themanini na mmoja,
babu yake alitoka Ufini kuja kuchimba chuma.
"Mimi nachemsha," akasema.
"Nimechemsha maisha yangu yote."
Na kweli, birika lilikuwa likifoka nyuma yake.

Nikamweleza kwa mchoro.
Nikamweleza kwa atomi.
Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama anavyomwitikia mchungaji mgeni.

Usiku ule nikafuta karibu kila kitu. Zikabaki hizi:

Moto huua wadudu; risasi haina uhai wa kuuawa.
Maji hupaa, yenyewe hubaki.
Kikombe cha mwisho ndicho chenye nyingi kuliko vyote, wala ulimi haujui.

Mama akasoma mara mbili, kidole chini ya mstari.
Akazima jiko.

Julai tulikutana ana kwa ana, wiki moja tu,
tukashangaa kwamba wote tuna miguu.
Haverkamp, niliyemdhania mrefu kama mnara, alinifikia begani.
Tulisomeana kwa sauti katika chumba chenye feni mbovu,
na Wendell akasoma mpaka mwisho bila kukatika,
hata hatukujua tuufanye nini ukimya uliofuata.

Nilipata B. Koma mbili nilizikosea.
Wahariri watatu hawajanijibu.
Mabomba bado yako ardhini, chini ya theluji mpya,
na baraza la mji linasema mwakani,
kama lilivyosema mwaka jana.

Lakini jana, kwenye foleni ya duka la dawa,
Bi Sundquist wa nyumba ya kona alinishika kiwiko,
akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.
Mwandiko wa mama. Sentensi zangu tatu,
hakuna neno lililohama,
na chini yake mama ameongeza zake,
ambazo darasani hatujafika:

Muulize binti yangu. Yupo kila jioni.
Isipokuwa Jumanne.